Alex Higgins: Tufani Aliyependwa na Watu

Aghalabu ukurasa huu huwa wa tungo, na wa masimulizi ya masheha na malenga wetu waliotangulia. Leo, msomaji wangu, utaniwia radhi, kwani nataka kukutoa pwani nikupeleke hadi Belfast, mji wa mvua na moshi ulioko Ireland ya Kaskazini, nikusimulie habari za mtu ambaye mwenendo wake siwezi kuusifu mbele ya wanangu.

Sababu ni mjadala ulionikuta barazani baada ya sala ya Isha. Vijana walikuwa wakitazama snuka kwenye simu zao, na ubishi ukawa ni Stephen Hendry na Ronnie O'Sullivan. Wote wawili wametwaa ubingwa wa dunia mara saba. Mbona basi mmoja alikuwa akipigiwa makofi ya heshima, na mwingine akiingia ukumbini watu hawakaliki vitini? Kijana mmoja akashikilia kuwa mapenzi ya watu hayana mizani, na kwamba kikombe ndicho kipimo. Nikawaambia kuwa kabla ya kulijibu swali hilo yafaa wamjue Alex Higgins. Hapana hata mmoja aliyepata kulisikia jina hilo.

Mimi nilimjua kwa kanda ya video. Nilikuwa mvulana wa chuoni bado, miaka ya mwanzo ya themanini, na jamaa yetu mmoja aliyekuwa baharia alirudi kutoka Uingereza na sanduku la kanda: ngumi, mpira, na hii moja ya snuka ambayo hakuna aliyeitaka. Usiku mmoja, zile nyingine zote zikiwa zimekwisha kutazamwa, ikawekwa. Tulikuwa tumejazana sebuleni, wakubwa juu ya makochi, sisi watoto chini mkekani, juzuu zetu zimewekwa juu ya kabati. Hapakuwa na aliyezijua kanuni za mchezo. Hata hivyo haikupita nusu saa, nyumba nzima ilikuwa upande wa mtu mmoja, yule mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Marehemu bibi yangu, ambaye hakujua mpira mwekundu una thamani gani wala mweusi, aliuliza kama kijana yule ana mama, na kama anakula.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Meza ina urefu wa futi kumi na mbili na upana wa futi sita, imetandikwa kitambaa cha kijani, na ina vifuko sita. Kuna mipira 15 myekundu, kila mmoja alama moja, na mingine sita ya rangi kuanzia manjano yenye alama 2 hadi mweusi wenye alama 7. Mchezaji huupiga mpira mweupe kwa fimbo ili utumbukize mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, na maadamu hajakosa, mwenzake hukaa kitini akitazama. Mchezo mmoja huitwa fremu. Snuka ilizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Jabalpur, India, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza. Na tusidhani kuwa sisi tuko mbali nayo. Mipira ya biliadi ya zama zile ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini zilizotoka bara letu na kupitia Zanzibar na Mombasa ndizo zilizokuwa zikisakwa kwa kazi hiyo. Babu zetu walizipakia majahazini bila ya kujua kuwa zinakwenda kugongwagongwa mezani.

Alexander Gordon Higgins alizaliwa Belfast tarehe 18 Machi 1949, mtoto wa kiume pekee mwenye dada watatu, katika mtaa wa makabwela wa Kiprotestanti wa Sandy Row. Karibu na kwao palikuwa na ukumbi wa snuka uitwao Jampot. Mtoto alianza kuingia humo akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, na shule ikawa ndiyo hiyo. Hapo alifundishwa na njaa, maana wakubwa walicheza kwa vijisenti na asiyeshinda haondoki na kitu. Huko ndiko ulikotoka ule mwendo wake wa kuizunguka meza kama anayekimbizwa.

Alipokuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano alivuka bahari kwenda Uingereza ili awe mpanda farasi wa mashindano. Alitumika katika zizi la farasi huko Berkshire, akafagia, akalisha, akapanda kwa mazoezi, lakini hakupata hata siku moja kushindana. Alinenepa, na joki mnene hana kazi. Wanaokumbuka alivyokuja kuwa mwishoni, ngozi na mifupa, hapana budi washangae kuwa mlango wa kwanza ulifungwa usoni mwake kwa sababu ya uzito.

Akarudi kwenye fimbo. Mwaka 1968 alitwaa ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Ireland ya Kaskazini, na ule wa Ireland nzima. Mwaka 1971 akawa mchezaji wa kulipwa, akaishi Blackburn katika safu ya nyumba zilizokuwa zikingoja kubomolewa, akihama kutoka moja hadi nyingine mbele ya wabomoaji. Na Februari 1972, katika mashindano yake ya kwanza ya dunia, akiwa na miaka 22, akamshinda John Spencer kwa fremu 37 dhidi ya 32. Hakuna aliyekuwa bingwa wa dunia akiwa mdogo kuliko yeye mpaka Hendry alipokuja mwaka 1990.

Usidhani ilikuwa katika jumba la fahari. Ilikuwa klabu ya askari wastaafu mjini Birmingham. Wachimba makaa ya mawe walikuwa katika mgomo, umeme ukikatika mara kwa mara, na watazamaji wameketi juu ya mbao zilizotandazwa juu ya makasha ya bia. Zawadi ya bingwa ilikuwa pauni 480. Huo ndio uliokuwa ufalme wa snuka wakati ule, ufalme wa watu wazima wenye nywele za mafuta waliocheza taratibu kama makarani wanaofunga hesabu.

Higgins aliwajia kama tufani, na jina hilo ndilo lililomganda. Wenzake walisimama wima, wakateremsha kidevu juu ya fimbo, wakatulia, wakapiga. Yeye alipiga huku mwili ukiinuka, kichwa kikitikisika, makosa yote ambayo mwalimu wa mchezo humkataza mwanafunzi. Pua ikivuta, mkono ukigusa shati, jicho kwa watazamaji, jicho kwa mpira. Tai ya kipepeo iliyokuwa lazima kwa wote ilimkera shingoni, akaenda kutafuta cheti cha daktari cha kumruhusu kucheza bila ya tai. Kofia yake pana na vizibau vyake vya rangi vilijulikana kabla ya uso wake. Alivuta sigara moja juu ya nyingine na alikunywa pale pale mezani, jambo ambalo siku zile halikukatazwa. Tena tuseme kweli: mashindano ya dunia yenyewe yalidhaminiwa na kampuni ya sigara tangu 1976 hadi 2005. Waliomlaumu kwa moshi walikuwa wakilipwa na moshi huo huo.

Lakini nguo na vituko havitoshi. Wapo wengi wa vituko waliosahauliwa kabla taa hazijazimwa. Nadhani siri ya mtu huyu ilikuwa kwamba hakuweza kuficha. Snuka ni mchezo wa kuficha. Anayekosa hukaa kitini mwake, uso kama ukuta, asimpe mwenzake faida. Higgins alipokosa uliona limemwingia mpaka tumboni. Alipopata uliona amepumua. Mtazamaji aliyetoka kiwandani jioni, aliyekuwa naye na bosi wake na deni lake na hasira zake alizozimeza mchana kutwa, alimwona mtu mmoja mbele ya taa ambaye hakumeza kitu.

Sasa niirudie ile kanda. Ni mwaka 1982, ukumbi wa Crucible mjini Sheffield. Miaka kumi imepita tangu ubingwa wake wa kwanza. Katikati hapo amefika fainali mwaka 1976 akashindwa na Ray Reardon, akafika tena 1980 akashindwa na Cliff Thorburn wa Kanada. Watu wameanza kusema kwamba amekwisha.

Katika nusu fainali anakutana na Jimmy White, kijana wa London wa miaka ishirini tu, ambaye naye anacheza kwa kasi ile ile. White yuko mbele kwa fremu 15 kwa 14, na katika fremu hii amekwisha kupata alama 59 na Higgins hana hata moja. White akikamilisha, mambo yamekwisha. Anakosa. Higgins anainuka kitini. Hana mpira uliokaa vizuri, kila anapotumbukiza mmoja ule mweupe unakwenda pabaya, na kila mara anautoa pabaya kwa pigo ambalo mwenye akili asingelijaribu. Wajuzi wa mchezo wameyachambua mapigo yale kwa miaka mingi. Alikusanya alama 69 kwa mpigo mmoja, akaichukua fremu, na ile ya mwisho pia.

Fainali ilikuwa na Ray Reardon, bingwa wa dunia mara sita, aliyewahi kuwa mchimba makaa na kisha polisi, mtu wa miaka 49 mwenye subira ya mvuvi. Walifikia 15 kwa 15. Kisha Higgins akashinda tatu mfululizo, na ya mwisho aliisafisha meza yote kwa mkupuo mmoja wa alama 135. Zawadi safari hii ilikuwa pauni 25,000. Lakini si fedha wala kikombe tulichokiona sisi pale mkekani. Tulimwona mwanamume mzima akilia mbele ya dunia, akinyosha mkono kumwita mkewe amletee mtoto wao mchanga, akitaka mtoto kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Baba yangu, ambaye sikupata kumwona akilia, alitoka nje akisema anakwenda kutazama kama mlango umefungwa.

Linganisha na wengine. Joe Davis alitwaa ubingwa wa dunia mara kumi na tano, tangu 1927 hadi 1946, na akaustahiwa kama ustadh anavyostahiwa. Steve Davis aliushika mchezo miaka ya themanini kwa mataji sita, hakunywa mezani, hakugombana, na watu wakamwona kama mashine. Walianza kumpenda aliposhindwa. Mwaka 1985 alipopoteza fainali kwa Dennis Taylor kwa mpira mweusi wa mwisho, usiku wa manane umepita, watu milioni 18 na nusu Uingereza walikuwa macho wakitazama, na tangu hapo wakaanza kumwona kuwa ni binadamu. Na Jimmy White, ambaye alicheza fainali sita za dunia na kushindwa zote sita, ya mwisho 1994 kwa fremu moja tu, alipendwa kuliko mabingwa wengi. Kikombe basi si kipimo cha mapenzi. Kijana wangu wa barazani alikuwa na haki katika nusu ya maneno yake.

Kuna jambo jingine la kumshuhudia Higgins. Alikuwa Mprotestanti wa Belfast, na miaka yake ya ushindi ilikuwa ndiyo miaka ya mabomu na mazishi baina ya Waprotestanti na Wakatoliki wa nchi ile. Hata hivyo alishangiliwa pande zote mbili. Mwaka 1985, 1986 na 1987 alicheza timu moja na Dennis Taylor, Mkatoliki wa Kaskazini, na Eugene Hughes kutoka Jamhuri ya Ireland, wakatwaa Kombe la Dunia la timu mara zote tatu.

Na hapo ndipo inaponiuma, kwa sababu mkono uliojenga ndio huo huo uliobomoa. Mwaka 1986, katika mashindano ya Uingereza huko Preston, alimpiga kichwa afisa wa mashindano baada ya kutakiwa kupimwa. Akatozwa faini ya pauni 12,000 na kuzuiwa mashindano matano. Mwaka 1990 alimtishia Dennis Taylor, mwenzake wa timu ile ile, kwamba atapigwa risasi akirudi kwao. Maneno hayo mtu akiyasema Mombasa yatakuwa ghadhabu ya mlevi. Katika Ireland ya Kaskazini ya mwaka ule, watu walikuwa wakiuawa milangoni mwao. Majuma machache baadaye wawili hao walikutanishwa mezani, na Taylor akamshinda kwa 5 kwa 2, wala sijui adhabu iliyokuwa ya haki kuliko hiyo. Katika mashindano ya dunia ya mwaka huo huo akampiga ngumi afisa mwingine. Akafungiwa mpaka msimu wa 1990-91 ukaisha, na hakurudi kuwa yule wa zamani.

Kwa nini basi watu hawakumwacha? Hapa lazima niseme langu. Nilipokuwa kijana nilialikwa kusoma mashairi katika arusi moja, na kati ya beti zangu nilitia mbili za kumkejeli mtu fulani aliyekuwa amefilisika. Hadhira ilivuma. Nikatunga ya tatu pale pale kwa sauti kubwa zaidi. Mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa nyuma na mwanawe magotini. Nilimwona, na bado nikasoma ya nne. Wallahi, mpaka leo siwezi kusema kuwa hadhira ilinilazimisha, wala siwezi kusema kuwa ningeliisoma ile ya nne katika chumba kitupu.

Nadhani Higgins aliishi katika ubeti wa nne. Waliokwenda kumtazama walitaka ile meza isafishwe kwa kasi, lakini pia walitaka kuwapo siku atakapolipuka. Magazeti yaliyomlaani asubuhi ndiyo yaliyouza picha yake jioni. Waliomnunulia kinywaji walijiita marafiki. Sisemi haya ili kumtetea, kwani aliyepigwa kichwa alipigwa na Higgins, si na hadhira, na mkewe na watoto waliondoka kwa sababu zilizokuwa ndani ya nyumba. Nasema tu kwamba mapenzi yale yalikuwa ya kweli na hayakumsaidia.

Yako mambo mawili ambayo ningependa yakumbukwe pamoja na hayo maovu. Mwaka 1983, fainali ya mashindano ya Uingereza, Steve Davis alimwongoza kwa fremu saba kwa sifuri. Higgins alishinda, 16 kwa 15. La pili ni la 1989. Alikuwa ameanguka kutoka dirishani na kuvunjika mguu, na alikwenda kwenye mashindano ya Irish Masters akichechemea. Mashindano yale yalikuwa yakifanyika Goffs, katika Kaunti ya Kildare, kwenye ulingo wa mviringo unaouziwa farasi kwa mnada. Yule aliyekataliwa uanafarasi akaingia ulingo wa farasi kwa mguu mmoja, akamshinda Hendry wa miaka ishirini kwa 9 kwa 8. Hicho ndicho kilikuwa kikombe chake kikubwa cha mwisho.

Baadaye ikaja saratani ya koo. Mionzi ilimwokoa na kumharibu kwa pamoja. Meno yakamtoka, chakula kikawa taabu. Mamilioni ya pauni aliyoyachuma yalikuwa yamekwenda kwenye farasi wa kamari, vinywaji na mawakili. Alirudi Belfast, mitaa ile ile ya Sandy Row, akawa akicheza kwa vijisenti kumbini kama alivyoanza. Mwaka 2010 marafiki walimchangia fedha za kutiwa meno mapya, lakini mwili ulikuwa umekwisha kudhoofu mno hauwezi kuhimili matibabu. Tarehe 24 Julai mwaka huo alikutwa amefariki kitandani, katika nyumba ndogo aliyokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 61. Swali la bibi yangu, kama kijana yule anakula, lilikuwa limejibiwa.

Siku ya mazishi, tarehe 2 Agosti, watu walijipanga barabarani kwa maelfu, jeneza likavutwa kwa farasi mpaka Kanisa Kuu la St Anne. Jimmy White alikuwapo, na Hendry pia. Tangu 2016 kombe la mashindano ya Ireland ya Kaskazini linaitwa kwa jina lake.

Niliwasimulia vijana haya yote pale barazani, kahawa ikapoa. Mmoja akaitafuta ile fremu ya White kwenye simu yake, na kweli ikatokea, rangi zimefifia, alama ni zile zile: 59 kwa sifuri. Wakainamisha vichwa juu ya kioo kidogo. Yule mshika kikombe na mizani aliniuliza kama anakosa, nami sikumjibu. Ulipofika ule mpira wa buluu mgumu nilimsikia akinong'ona bismillahi, akimwombea asikose mtu aliyeupiga mpira ule kabla yeye hajazaliwa.